Mfumo Mpya Usimpokonye Mfanyakazi Maamuzi Yake

Mtunza ghala aliyezoea kupanga mwenyewe aanzie rafu ipi, na mzigo upi mzito utangulie chini, akikabidhiwa skana, kifaa cha mkononi cha kusoma lebo za mizigo, inayomwelekeza rafu, idadi na sekunde zilizobaki, kazi yake inakuwa rahisi na papo hapo inadhoofika. Ametakiwa abaki mikono tu. Ari ikishuka, uongozi husema watu wanaogopa teknolojia. Kwa maoni yangu, hapo tunawaonea.

Jambo hili si geni. Mwaka 1951 watafiti Eric Trist na Ken Bamforth walieleza yaliyotokea kwenye migodi ya makaa ya mawe Uingereza mashine zilipoingia: vikundi vidogo vilivyokuwa vikimaliza kazi nzima pamoja vilivunjwa, kila zamu ikapewa kipande chake. Utoro ukaongezeka. Mwaka 1979 naye mtafiti Robert Karasek alionyesha kwamba kazi inayoumiza zaidi ni ile yenye mzigo mkubwa na uhuru mdogo wa kuamua.

Kwa hiyo, kabla ya kununua mfumo wa kidijitali kama huo, kaa na mfanyakazi atakayeutumia zamu nzima uandike kila anachoamua. Pembeni ya kila uamuzi, weka alama: utabaki kwake, utahamia kwenye mfumo, au utapanda kwa msimamizi. Kama karibu yote yanamtoka, mrudishie mengine yenye uzito, kwa mfano kushughulikia oda zenye kasoro mpaka mwisho. Mfumo uwe na kitufe cha kukataa pendekezo na nafasi ya kuandika sababu, na sababu hizo zisomwe kila wiki na mtu mwenye uwezo wa kubadilisha mpangilio. Zisiposomwa, baada ya muda hakuna atakayeandika.

Angalia pia sehemu za lazima kwenye fomu. Ukikuta zimejazwa nukta au sifuri, usikimbilie kusema uzembe. Mara nyingi fomu inadai taarifa ambayo mjazaji hana wakati huo. Sogeza sehemu hiyo kwenye hatua ya baadaye.

Mafunzo yatolewe wiki ileile ya kuanza, kwa kazi halisi za wahusika. Yakitangulia mno, husahaulika. Na daftari la zamani lipangiwe tarehe ya kufungwa, la sivyo watu watajaza kotekote miezi na miezi, kisha lawama zitupiwe mfumo.

Takwimu za utendaji azione kwanza mfanyakazi mwenyewe, kabla ya bosi wake, na awe na haki ya kuzipinga.