Acheni matufaha, okeni pai ya embe

Sikukuu zikikaribia, ndugu na marafiki wa Dar hunitumia picha za pai walizooka, na karibu zote ni za matufaha. Matufaha yenyewe yametoka Afrika Kusini, yamenunuliwa supamaketi kwa kuhesabu moja moja, yana stika. Wakati huohuo Buguruni na Mabibo maembe yamefurika, mengine yanaozea kwenye matenga kabla hayajapata mnunuzi. Linaniuma sana hili. Naona tumechukua pai kwa sura yake tu, tukaiacha sababu iliyowafanya Waingereza wenyewe waioke.

Ninaishi Nottingham, na sababu hiyo naiona kila mwaka. Tufaha la kupikia wanalolipenda Waingereza, Bramley, asili yake ni mji mdogo wa Southwell, humuhumu mkoani. Mwaka 1809 binti mmoja, Mary Ann Brailsford, alipanda mbegu, ukaota mti wa matunda makubwa na machachu. Jina ni la Matthew Bramley, muuza nyama aliyekuja kuimiliki nyumba ile baadaye. Tunda lile ukilitafuna bichi unakunja uso, ila likipata moto linalainika kama uji, na ule uchachu ndio unaoipa pai ladha. Septemba na Oktoba wenye miti huweka maboksi nje ya geti, apitaye ajichukulie bure. Kabla ya hapo, kwenye vichaka vya miiba kandokando ya njia, yameshaiva matunda madogo meusi, na familia nzima hutoka na ndoo kuyachuma. Yasipookwa au kutengenezwa jamu yataoza. Kwa hiyo watu wanaoka. Wanatumia tunda la jirani, lililozidi, ambalo msimu wake unawakimbia.

Sasa niambieni, katika hayo Dar inakosa nini? Kuanzia Novemba hadi Januari kuna maembe ya dodo, bolibo, sindano na viringe, yanashuka kwenye malori kutoka Mkuranga, Muheza na Morogoro. Kiwangwa, pale Bagamoyo, kuna mananasi ambayo harufu yake unaisikia kabla hujaliona tenga. Huku Uingereza embe la dukani limetoka Brazil au Peru, limechumwa gumu ili lihimili safari, na mara nyingi linanyauka kabla ya kuiva vizuri. Matamu kweli ni yale ya Pakistani yanayokuja kwa boksi wakati wa kiangazi kwenye maduka ya Wahindi na Wapakistani, nayo kwa bei ile hakuna anayethubutu kuyapika. Mtu wa Dar ana tunda la kumwaga ambalo mimi huku nalihesabu vipande.

Kitu kimoja Uingereza imetuzidi, nacho nakikubali bila ubishi: chumba cha kupanga kikiwa na jiko, hata cha bei ya chini, kwa kawaida jiko hilo lina oveni. Ndiyo maana kuoka huku ni kazi ya Jumapili mchana ya mtu yeyote, wakati nyumbani tumewaachia wapishi wa keki za harusi.

Shangazi yangu wa Temeke hakubaliani nami. Anasema embe liliumbwa liliwe kwa mkono, kulipika ni kuliharibu. Kwa embe lililoiva namuunga mkono kabisa. Likiingia motoni linatoa maji, utamu wake unakuwa mzito, na ile harufu inapotea. Lakini kuna embe lililokomaa, nyama ndiyo kwanza inaanza kupiga manjano, bado lina ukakasi na uchachu. Ndilo tulilokuwa tukila na chumvi na pilipili nje ya geti la shule. Hilo ndilo Bramley yetu. Linashika umbo, linabeba sukari bila kukinaisha, na ukilitia iliki na mdalasini kidogo, tufaha halifui dafu.

Ganda lenyewe ni unga wa ngano gramu 250, siagi gramu 125, chumvi kidogo na maji ya barafu vijiko vikubwa vitatu au vinne. Mkono wa Dar uliozoea chapati utataka kuukanda unga mpaka ulainike, na hapo ndipo pa kujizuia. Siagi inatakiwa ibaki vipandevipande ndani ya donge. Kwenye moto inayeyuka, mvuke unainua unga, ganda linakuwa jepesi. Ikiyeyuka mapema, ganda linakuwa gumu. Kwa joto la Dar la Januari, fanya kazi hii alfajiri, unga na bakuli vilale kwenye friji, na donge lipumzike humo nusu saa kabla ya kulisukuma. Maembe yakate vipande, uyachanganye na sukari kwa kuonja, na kijiko kikubwa cha unga wa muhogo uliochekechwa ili kushika maji yake. Ukitumia nanasi, lichemshe kwanza likauke maji.

Wifi yangu wa Mbagala aliniuliza: na sisi tusio na oveni? Nilimkumbusha mkate wa kumimina, unaookwa kwa moto wa juu na wa chini. Bibi zetu waliujua moto huo kabla umeme haujafika mtaani. Sufuria nene, mchanga kidogo chini, chombo cha pai juu yake, mfuniko wa bati, kisha palia makaa juu yawe mengi kuliko ya chini, maana chini ndiko kunakowahi kuungua. Kwenye oveni ni nyuzi 200 kwa dakika 20 za mwanzo, halafu 180 mpaka ganda lipige rangi ya dhahabu. Kwa makaa saa haisaidii sana. Utafunua uangalie rangi, na utasikia tunda linachemka ndani. Wifi aliioka hivyo, akaikata ingali ya moto kwa sababu watoto walishazunguka jiko, mchuzi wote ukamwagika kwenye sahani. Iacheni ipoe kwa muda wa saa mbili hivi, mchuzi ushikane, ndipo muikate.