Mchuzi wa 2004

Baba mkwe wangu, mzee wa La Morra kule Piemonte, Italia, si mtu wa maneno mengi, ila usimtajie Barolo, mvinyo mwekundu wa kwao. Utakaa hapo mpaka jua lizame. Atakwambia ni zabibu za Nebbiolo peke yake, haichanganywi na nyingine hata tone. Kwamba sheria inataka mvinyo ukae miezi 38 ndipo uuzwe, 18 kati ya hiyo ndani ya pipa la mbao. Kwamba ukiwa mchanga unakausha ulimi, ukizeeka unanukia waridi na lami. Lami! Mimi niliyekulia Marangu kwenye mbege nilidhani ananitania.

Jumapili hiyo alimwalika jirani yake, mtu anayejua mvinyo kuliko anavyojua watoto wake. Kwa heshima hiyo akatoa chupa ya 2004. Tangu Ijumaa alikuwa ameisimamisha wima ili mashapo yatuame. Asubuhi akaimimina polepole, mshumaa ukimulika shingo ya chupa, kwenye jagi la kioo lenye tumbo pana ili mvinyo upate hewa, kisha akaenda kanisani. Yote hayo nilikuja kusimuliwa. Mimi nilikuwa nimelala.

Nilipoamka nilimkuta mama mkwe na nyama ya ng'ombe iliyolowekwa usiku kucha kwenye mvinyo, na vitunguu, karoti, seleri na karafuu. Ilikuwa jikoni inatokota. Akatoka kuchuma rozimari bustanini, na huko huko akapaza sauti: "Mwanangu, mchuzi usikauke, ongeza mvinyo!"

Sasa niamulieni. Mezani kulikuwa na chupa ya Barbera, mvinyo mwingine mwekundu, imezibwa kizibo. Pembeni yake, karibu na vitunguu, jagi liko wazi, mvinyo umeshamiminwa. Mtu mwenye akili timamu angeanza kuhangaika na kizibuo?

Nikamimina. Kwetu mchuzi haupimwi kwa kijiko.

Mama mkwe aliporudi alilitazama jagi, akanitazama mimi, akafanya ishara ya msalaba. Bila neno akaizibua ile Barbera, akajaza jagi, akaweka kidole mdomoni.

Tulikamatwa kabla hata watu hawajaonja. Jirani aliinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe cha meza. Nebbiolo ya umri ule huwa imepauka, kingoni inaingia rangi ya matofali. Hii ilikuwa zambarau nzito, inakaribia weusi.

"Mzee mwenzangu," akasema, "Barolo yako imerudi ujanani."

Baba mkwe akanusa. Akanusa tena. "Nani aligusa jagi?" Mama mkwe akakumbuka ghafla kwamba hakuleta chumvi. Mke wangu alikuwa ameinama chini ya meza, eti anatafuta leso.

Nyama ikaja. Mzee akachota mchuzi mtupu, akaupeleka puani, akafumba macho.

"Lami," akasema.

"Na waridi," jirani akaitikia, mkono wake ukiivuta sufuria kwake.

Karafuu zote zile na vitunguu vyote vile, wao wamenusa waridi! Basi wazee wawili wakaanza kunyang'anyana sufuria, wanaipangusa kwa mkate, na sisi wengine tukaambiwa tule nyama tu.

Siku hizi jagi lile likiwekwa jikoni hufungwa karatasi shingoni, herufi kubwa, mwandiko wa mke wangu, kwa Kiswahili: HUU SI WA MCHUZI.