Fizi, Sukari na Figo: Ahadi Isizidi Ushahidi

Katika kliniki nyingi za kisukari huku Kisumu na Nakuru, mgonjwa hupimwa presha, hudungwa kidole, pengine huvua viatu akaguliwe nyayo. Mdomo hauangaliwi. Mtu anaweza kutema damu kila akipiga mswaki, meno yameanza kulegea, na asiulizwe chochote mpaka siku jino litakapomuuma.

Sasa wapo wanaosema mdomo huo ukitibiwa, figo zitaepuka mashine ya kusafisha damu, yaani dialisisi. Dai hilo lilipata nguvu 2025, watafiti wa Japani walipofuatilia rekodi za bima za watu karibu 100,000 wenye kisukari. Waliotibiwa fizi angalau mara moja kwa mwaka walikuwa na uwezekano mdogo kwa 32% wa kuanza dialisisi; waliokwenda kila miezi sita, 44%. Kwa familia inayompeleka mzee wao Russia, kama watu wa Kisumu wanavyoiita bado Hospitali ya Jaramogi, akakae kwenye mashine saa nne mara mbili kwa wiki, habari hiyo ni tamu mno.

Mimi nasita. Nani huenda kwa daktari wa meno kila miezi sita bila jino kumuuma? Mara nyingi ni yuleyule asiyeruka dawa zake, anayepima presha nyumbani, mwenye kazi inayompa ruhusa. Hesabu za watafiti hupunguza tofauti za umri na maradhi mengine, lakini bidii ya mtu kujitunza haiandikwi kwenye fomu ya bima. Huenda figo ziliokolewa na bidii hiyo, fizi zikapewa sifa.

Upande wa pili nao hauwezi kupuuzwa. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti juu ya Wapima, jamii ya wenyeji wa asili wa Arizona, Marekani, iliyoathiriwa mno na kisukari. Wenye ugonjwa mkali wa fizi walifikia hatua ya mwisho ya figo kufeli mara 3.5 zaidi ya wale ambao fizi zao hazikuwa na tatizo kubwa. Wasio na jino hata moja: mara 4.9. Takwimu hiyo ya mwisho iwatie shaka wanaodhani dawa ya fizi mbovu ni kung'oa yote. Njia ya madhara nayo inaeleweka: vijidudu vilivyojificha chini ya ufizi huuweka mwili katika uvimbe wa kudumu, kinga yake ikipambana bila kupumzika, insulini inashindwa kazi, sukari inapanda, na mishipa midogo inayochuja damu kwenye figo inaumia polepole. Tena sukari iliyopanda inazidi kuozesha fizi.

Majaribio halisi ya tiba, ambapo wagonjwa wanagawanywa kwa kura, yanasemaje? Jaribio la Marekani la 2013, lenye watu 514, halikuona sukari ikishuka baada ya miezi sita. La London la 2018, lililotumia matibabu makali zaidi kwa watu 264, liliona HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi michache, kikiwa chini kwa pointi 0.6 za asilimia baada ya mwaka kuliko kwa kundi la kulinganishia. Lilitoa pia dalili njema kuhusu figo, ingawa figo hazikuwa swali lake kuu. Mapitio ya 2022 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha ushahidi wa tiba, yalijumlisha majaribio 35 na kupata punguzo la pointi 0.43 za kipimo hicho katika miezi mitatu hadi minne. Hilo si dogo. Lakini ni punguzo la sukari, na kutoka hapo hadi kusema mtu ataepuka dialisisi kuna safari ndefu.

Kwa hiyo kutibu fizi naunga mkono, ila kuuza usafishaji wa meno kama kinga ya figo napinga. Kuondolewa ukoga kwenye kliniki ya kibinafsi ni shilingi elfu kadhaa, na mwenye mfuko mwembamba atazitoa kwa kupunguza kitu kingine. Kama kitu hicho ni kipimo cha protini kwenye mkojo au losartan ya presha, amepoteza. Hivyo viwili vina ushahidi mzito kuliko ukoga. Nesi kumwambia mgonjwa afungue mdomo, kwa upande mwingine, hakugharimu chochote. Nesi wa Nakuru ana kazi ya ziada: madini ya floridi kwenye maji, yanayoyatia meno rangi, yamewazoesha watu kuhangaikia meno ya kahawia huku fizi zinavuja damu bila kelele.

Kuna jambo moja ambalo pande zote mbili zingekubaliana, na silisikii likisemwa. Jino likiuma usiku, mwenye kisukari hukimbilia duka la dawa na kutoka na diklofenaki au ibuprofeni. Zikimezwa siku baada ya siku, dawa hizo zinaweza kuziumiza figo ambazo tayari zimechoka, hasa kwa anayetumia pia dawa za presha. Mwenye duka akiuliza tu kama mteja ana kisukari, anaweza kumpa parasetamoli na kumwelekeza kwa daktari wa meno kesho yake asubuhi.