Nani amezihesabu saa za akina mama hawa?

Jumapili iliyopita kwenye kikao cha mtaa, baba mmoja alisimama akauliza swali ambalo mpaka leo limenikaa kooni. Alitaka kujua kikundi cha akina mama wa mtaa wetu, kinachokwenda hospitali kuwasaidia wazazi wa watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya wakati, kimefanya nini mwaka mzima. Wenzao wa mtaa wa jirani, alisema, walipeleka magodoro kumi hospitali, picha zipo, bango lipo, diwani alikuwepo. "Nyie mnakwenda mikono mitupu, mnashinda huko, mnarudi." Watu wakacheka. Mweka hazina wa kikundi, mama anayeuza vitumbua pale kituoni, akainama, akawa analivuta na kuliachia lile lastiki lililofunga daftari lake.

Mimi sikucheka. Mwanangu alizaliwa na wiki 31 za mimba, gramu 1,340, na mama huyo wa daftari alinifulia nguo kabla sijamjua jina.

Wodi ya njiti ni dunia yake. Mwenzio akijifungua salama, kesho yake ndugu wanakuja na khanga mpya, mtoto anabebwa, wanaondoka. Wewe unabaki. Wiki inapita, ya pili inapita, mwezi unakatika. Kila baada ya saa tatu unakamua maziwa kwenye kikombe, muuguzi anayapitisha kwenye mpira mwembamba ulioingia puani mwa mtoto, mililita chache tu, nawe unayatazama yanavyoshuka. Asubuhi ni mizani. Ukiambiwa ameongeza gramu 20 unalia, ukiambiwa amepungua gramu 20 unalia pia. Na wageni, jamani, wageni huisha. Siku tatu za kwanza wanajaa mpaka mlinzi anawafukuza. Wiki ya pili mume kesharudi kazini, mama mzazi kesharudi kijijini kwa wajukuu wengine, na wewe umebaki na beseni la nguo chini ya kitanda.

Siku ya tisa ndipo alipokuja yule mama wa daftari. Alikuwa na chupa ya uji wa ulezi na kikombe chake cha bati. "Mwanangu, kunywa ungali wa moto. Nguo zako chafu ziko wapi?" Nikanyamaza kwa aibu, kwa sababu nguo zile zilikuwa na damu, na huyu mtu simjui. Hakungoja jibu. Akainama, akalivuta beseni mwenyewe, akaenda nalo. Kabla ya adhuhuri nikachungulia dirishani, nikaona khanga zangu mbili zimeanikwa kambani. Nguo za ndani alikuwa amezifunika kwa mtandio wake, wapita njia wasizione. Yeye mwenyewe alikaa kwenye ngazi, kichwa wazi, anazilinda zikauke.

Nasimulia haya kwa sababu watu wengi wanadhani msaada ni kitu cha kubebwa na gari. Mtoto njiti anatunzwa kwa kufungwa kifuani mwa mtu, ngozi kwa ngozi. Utaratibu huo ulianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978, pale madaktari walipoona mashine za kutia watoto joto hazitoshi. Wengine tunauita kangaruu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza uanze mara tu mtoto anapozaliwa, na aendelee kufungwa kifuani kwa saa 8 hadi 24 kila siku. Hebu jiulize hapo. Mtoto yuko kifuani mwako mchana na usiku. Nani anafua? Nani anapanga foleni dirisha la dawa? Nani anakuletea chakula, maana usipokula na maziwa yanapungua? Na ukitaka kwenda kuoga, mtoto wako unamfunga kifuani mwa nani?

Hapo inatakiwa mikono mitupu. Mtu aje asiye na mzigo, anawe, akae, ampokee mtoto. Magodoro hayawezi kumbeba mtoto.

Kikundi chenyewe kina wanachama 14 na kilianza kama mchezo wa kupeana hela tu. Sasa wanakwenda watatu watatu, kila Jumanne na Alhamisi, kila mmoja kwa muda wa saa nne. Ni saa 24 kwa wiki. Kwa mwaka zinapita saa 1,200. Na saa hizo zina bei, anailipa mtu mfukoni mwake. Mama wa vitumbua huwa kituoni tangu saa 11 alfajiri, na biashara yake inachanganya mpaka saa 4 asubuhi. Zamu ya wodini inaanza saa 3. Kila siku ya zamu anafunika sinia wakati wateja ndio kwanza wanashuka kwenye daladala, vitumbua vinavyobaki anavibeba kwa wazazi wodini, na nauli ya kwenda na kurudi anajilipia. Kisha mtu anasimama kikaoni kumwambia hana alichofanya! Anasikika kana kwamba muda wa mama ni maji ya mvua, kila mwenye ndoo anachota.

Magodoro nayo yanahitajika, siwezi kubisha. Nililala kwenye godoro lililochanika, najua. Hata picha zinavuta wafadhili, hilo nalikubali shingo upande. Ila wodini kwetu kulikuwa na wanawake sita vifua wazi, kila mmoja na mtoto wake kifuani. Picha ungeipigia wapi? Kikundi kilijiwekea sharti tangu siku ya kwanza: simu zinaachwa kwenye kikapu kwa muuguzi wa zamu. Ndiyo maana hamna cha kuonyesha kikaoni, na mimi nawashukuru kwa hilo mpaka leo.

Wanaosema kazi hii ni ya serikali wana haki, waendelee kuidai. Mwaka 2025 sheria ya kazi ya Tanzania ilirekebishwa, mama aliyejifungua njiti akaongezewa likizo mpaka zitimie zile wiki 40 za mimba. Niliifurahia sana. Lakini kati yetu sita, mwenye mkataba wa ajira alikuwa mmoja. Wengine ni genge, mama lishe, kusuka, shamba. Likizo yao ni mpaka apatikane mtu wa kuwashikia kazi.

Baba uliyeuliza swali, nakuomba uje siku moja. Baba naye anaweza kumbeba mtoto kifuani. Mume wangu alifundishwa na akina mama hao hao: vua shati, kaa uegemee, miguu ya mtoto iwe kama ya chura, kichwa kigeukie upande. Alikaa saa mbili bila kutikisika, jasho linamtoka, anaogopa hata kukohoa. Alipotoka pale alikuwa mtu mwingine.

Kikao kilipoisha nilimfuata mweka hazina mlangoni, nikitaka kumpa pole kwa maneno aliyoambiwa. Akanikatiza. "Hayo yaache, mwanangu. Alhamisi hii nina upungufu. Mmoja anaumwa, mwingine kafiwa." Akafungua daftari. Kwenye zamu ya Alhamisi lilikuwepo jina moja tu, lake, na mistari miwili mitupu chini yake.

Niliandika jina langu. Kijana wa bodaboda aliyekuwa amesimama karibu akasema sinia la vitumbua atalishika yeye mpaka saa 4. Mstari wa pili bado uko wazi. Uji nitapika mimi.