Wahudumu hawakupoteza muda pale ufuoni

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema watu waliwazomea wahudumu wa ambulensi kwa kubaki mchangani na kijana aliyezama badala ya kumkimbiza hospitali. Jamani! Ili kumwokoa mtu ambaye moyo wake umesimama, kifua hukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hivi, na aliyezama hupewa pumzi kwanza. Hilo halifanyiki vizuri ndani ya gari linalorukaruka kwenye foleni ya Nyali, Mombasa.

Wala hawasemi mtu amekufa kwa kumtazama tu. Hushika mshipa wa shingoni, husikiliza moyo na pumzi, humulika mboni za macho, na wakiwa na mashine ya kupima moyo huangalia kama mstari wa moyo umelala kabisa. Mwili ukishakakamaa, au damu ikituama upande wa chini na kuacha mabaka, hapo hawaanzi hata kukandamiza.

Sisi Waislamu huharakisha maziko, najua. Ami yangu alipofariki nyumbani, wachimba kaburi walikuwa wameshaitwa. Nikawasihi wazee tumngoje daktari ampime kwanza. Walinikasirikia sana. Ningewasihi tena.