Hiyo bastola ndogo "ya akina mama" mnawauzia ya nini?

Jumamosi nimerudi kutoka uwanja wa shabaha nimenuna, nikasema nisiandike chochote mpaka hasira ipoe, leo siku ya tatu haijapoa, kwa hiyo mnivumilie tu.

Wifi yangu kanunua bastola. Kibali anacho, mafunzo kamaliza, hapo hakuna neno. Alikuwa anataka moja tu ya kazi zote, yaani ikae nyumbani, aende nayo kufanya mazoezi, na siku mojamoja akiwa na safari aibebe. Kaingia dukani, jamaa wa kaunta kamwangalia kuanzia kichwani mpaka viatuni, hajamuuliza swali hata moja, kamtolea kijibastola kinachopotelea kiganjani, "hii ndiyo akina mama wanaipenda, ndogo, nyepesi, inaingia kwenye pochi." Na kaka yangu alikuwepo! Kasimama pembeni anaitikia "eeh, eeh" kama mtaalamu, mtu ambaye tangu azaliwe kafyatua labda risasi ishirini.

Nyepesi. Yaani hilo neno ndilo linanichefua kuliko yote, kwa sababu linatajwa kama sifa wakati ndiyo kasoro yenyewe. Risasi ya 9mm (upana wake milimita tisa hivi) ni ileile, uiweke kwenye bastola ya kilo moja au ya nusu kilo. Nguvu inayosukuma risasi mbele inasukuma na bastola nyuma, na bastola ikiwa nyepesi inarudi kwa kasi zaidi, na inarudia wapi kama si kwenye mkono wako? Zile kubwa za chuma mnazoona watu wanazisema ni nzito, ule uzito ndio unaokula teke. Sasa mtu mgeni kabisa, mikono yake haijazoea, unampa ile inayopiga teke kali kuliko zote halafu unamwambia umemrahisishia.

Tukaenda naye. Mita saba tu, karatasi kubwa, hakuna haraka. Kwanza slaidi, ile sehemu ya juu unayoivuta nyuma kuingiza risasi, ikamshinda kuvuta. Akajiona yeye ndiye dhaifu, nikamwambia hapana wifi, kwenye hivi vidogo slaidi ni fupi na nyepesi kwa hiyo wanaweka springi ngumu ili ivumilie, dada mwenye nguvu zilezile anavuta ya saizi ya kati bila shida. (Mbinu ipo: usivute kwa mkono mmoja tu, shika slaidi vizuri kwa juu, kisha ule mkono wenye mpini uusukume mbele kwa nguvu, mdomo wa bastola ukiwa bado umeelekea kwenye shabaha. Akaweza. Lakini kila mara anakunja uso.) Mpini ni mfupi, kidole cha mwisho hakina pa kukaa kinaning'inia hewani, na ukikosa kile kidole bastola inakuchezea mkononi kila ikilia.

Magazini (kasha la risasi) ya kwanza, risasi sita, kwenye karatasi nikahesabu matundu matatu na moja lao liko ukingoni kabisa. Ya pili ikawa mbaya zaidi. Basi nikafanya ile kitu ambayo mwalimu wangu alinifanyia mimi zamani, nikamjazia magazini mwenyewe na katikati nikachomeka risasi ya bandia bila kumwambia. Pa. Pa. Halafu kak, haikulia, na mdomo wa bastola ukazama chini kama vile mtu kauvuta kwa kamba, maana mikono ilishajikaza kungoja teke. Akabaki anauangalia. Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka, akasema, "Kumbe naiogopa." Eeh, unaiogopa, na ni haki yako, ngozi ya katikati ya kidole gumba na cha shahada imeshakuwa nyekundu na hujamaliza hata risasi ishirini.

Hapo ndipo hoja yangu yote ilipo, mengine yote ni nyongeza. Bastola inayokuumiza hutaifanyia mazoezi. Utaenda mara mbili, mara ya tatu utapata udhuru, mwisho inalala sefuni mwaka mzima mpaka usiku utakapoihitaji, na usiku huo mikono inatetemeka, giza, moyo unapiga, unashika kitu ambacho mwili wako umeshajifunza kukikwepa. Halafu tunaambiwa "muhimu uwe nayo tu". Muhimu kwa nani, kwa muuzaji?

Ya saizi ya kati ndiyo jibu kwa mtu anayetaka bastola moja kwa kazi zote tatu, na hili si siri. Glock 19 ni mfano ambao kila mtu anaujua, mtutu wa milimita 102, risasi 15, ikiwa tupu ni kama gramu 600 hivi. Silipwi kuitaja na zipo za kampuni nyingine kibao za umbo hilohilo, chagua inayokaa mkononi mwako. Ni kubwa kiasi kwamba vidole vitatu vyote vinashika mpini, umbali kati ya saiti (alama ya kulengea) ya nyuma na ya mbele unakusaidia kuona unapokosea, na bado ukivaa shati la kuachia inafichika. Teke lipo ila unalizoea kabla ya boksi moja kwisha.

Haya, na mimi nikubali kidogo kabla hamjanirukia. Kuna watu wanaobeba kila siku kutwa nzima, joto, nguo nyepesi, kwao ndogo ina maana yake, na hizi za kisasa zimeboreshwa, tangu ile bastola ndogo P365 ya kampuni ya SIG Sauer itoke mwaka 2018 na risasi zake 10 mchezo umebadilika. Sawa. Lakini huyo ni mtu aliyeshajua kufyatua, ndiyo maana ndogo anaiweza. Wifi yangu kasema "siku mojamoja". Mojamoja! Humnunulii mtu viatu vya kubana mwaka mzima kwa ajili ya harusi moja.

Na kwa vile nimetaja kubeba mojamoja, nisikilizeni hapa vizuri, maana hili watu wanalidharau: huyo wa mojamoja ndiye anayetoa na kuingiza risasi chemba (pale nyuma ya mtutu inapokaa tayari kulia) mara nyingi, leo kaiweka sefuni, kesho kaivaa, keshokutwa kaitoa, na ajali nyingi za kijinga zinatokea pale pale kwenye kushikashika na kurudisha bastola kwenye holsta, yaani ala yake ya kuvaa. Holsta ngumu inayofunika triga (kifyatulio) yote. Pochi yenye funguo na kalamu ndani si holsta, jamaa wa kaunta, na wewe unajua.

Sasa najua yule bwana anayeamini risasi nene ya .45 tu ameshaanza kuandika maoni. Kaka, tulia. Iliingia jeshi la Marekani mwaka 1911 na ni risasi nzuri, hakuna anayeitukana. Ila hii vita ya kaliba (unene wa risasi) imeshapiganwa na watu wenye bajeti kuliko mimi na wewe. Kwenye yale mapambano ya FBI, wapelelezi wa Marekani, na majambazi huko Miami tarehe 11 Aprili 1986, maajenti wawili wa FBI waliuawa, lawama ikaangukia risasi moja ya 9mm iliyoishia kabla ya kufika kwenye moyo wa jambazi. Wakahamia 10mm, ikawa teke kubwa mno kwa wengi wao, ikazaliwa .40 mwaka 1990, polisi wengi wa Marekani wakawafuata, na miaka ya 2010 haohao FBI wakarudi kwenye 9mm. Kwa nini? Risasi zilishatengenezwa vizuri zaidi, na maajenti wao wengi walikuwa wanapiga kwa haraka na kwa usahihi zaidi wakiwa na 9mm. Yaani wamezunguka robo karne kurudi kwenye hoja ya wifi yangu: inayoumiza hupigi vizuri.

Rivolva fupi ya risasi tano ambayo nayo inauzwa kwa akina mama eti "rahisi, haina slaidi": triga yake mara nyingi unaivuta kwa nguvu ya kama kilo tano. Jaribu uone.

Za nyumbani tumia risasi zenye tundu kwenye ncha, zile za kawaida za mazoezi zinapenya zaidi, ila hata zenye tundu zinaweza kupita kuta nyembamba za ndani, na upande wa pili analala mtoto. Tochi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu lazima ujue unamlenga nani. Na sefu ya kufunguka haraka, kama kuna watoto ndani ya nyumba na huna sefu mimi na wewe hatuna mazungumzo, rudisha hiyo bastola.

Mkienda kununua, kabla hujauliza rangi: hakikisheni ni tupu, nyote wawili, kwa macho na kwa kidole. Ishike ukiwa umefumba macho, inyanyue kama unalenga upande salama, fungua macho, kama saiti ya mbele imeenda pembeni sana, hailingani na ya nyuma, mpini huo si wako. Nyingi siku hizi zina vipande vya kubadilisha nyuma ya mpini, waombe wakuwekee. Nyama ya ncha ya kidole inafika kwenye triga bila kuzungusha bastola yote mkononi? Kitufe cha magazini unakifikia? Halafu azima au kodi, piga hata risasi hamsini, ndipo utoe hela. Mtu wa dukani akikunja sura kwa haya yote, duka lingine lipo.

Mimi nilimpa wifi yangu ya kwangu Jumamosi hiyohiyo, ya saizi ya kati. Magazini ya tatu matundu yote kumi yalikuwa ndani ya sahani ya chai, na ile karatasi kaikunja kaiweka kwenye mkoba. Kaka yangu akasema tatizo si bastola, tatizo ni mazoezi, akachukua ile ndogo atuonyeshe. Kapiga mbili. Akaiweka mezani taratibu, akajipapasa mfukoni, akasema kakumbuka kuna mtu anatakiwa kumpigia simu.