Ukitaka ujibiwe ndani ya dakika 5, bando ni la nani?

Rafiki yangu anauza vitambaa Kariakoo. Siku hizi wateja wake wengi hawafiki dukani: wanaona picha Instagram, wanaulizia bei WhatsApp, wanalipa kwa simu, mzigo unapanda basi Stendi ya Magufuli. Kazi ya kuwajibu amempa binti mmoja wa Chanika, anayeifanya akiwa nyumbani kwao. Baada ya miezi mitatu na malalamiko mawili matatu ya wateja, ameandika masharti ya kazi, 23 kwa hesabu, akaniletea niyapitie kabla binti hajasaini.

Sharti la 4 linasema kila ujumbe ujibiwe ndani ya dakika 5, kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 4 usiku, Jumatatu hadi Jumamosi. La 11: akipigiwa simu ya video apokee papo hapo, aonekane amekaa mezani. La 19: asitoke nyumbani muda wa kazi bila kutoa taarifa.

Nianze kwa kumtetea rafiki yangu, maana wapo wanaosikia neno masharti wakaona unyanyasaji tayari. Kijana wa dukani hujifunza kwa macho. Anamwona bosi anavyomkunjulia mteja kitambaa, anapokubali kupunguza bei na anapogoma, anavyomtuliza mteja aliyekuja amefura. Wiki mbili tu ameshayashika bila kuandikiwa chochote. Wa Chanika haoni hata kimoja kati ya hayo. Yale ambayo mwenzake aliyaona, yeye lazima aambiwe, tena kwa maandishi.

Moja ya malalamiko yale linaonyesha vizuri. Mteja alituma picha ya muamala, binti akaruhusu mzigo uondoke, hela haikuingia. Picha ilikuwa ya kughushi. Hasara ile ibebwe na nani, wakati hapakuwa na mahali popote palipoandikwa kwamba asubiri mpaka hela isome kwenye simu ya biashara? Sasa sharti la 8 linasema hivyo, na kwangu ndilo bora kuliko yote, kwa sababu linamlinda binti hata zaidi ya bosi. Akilifuata, hakuna wa kumdai.

Vivyo hivyo kuhusu namba za wateja na mahali wanapoishi. Tangu Mei 1, 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayofanya kazi, na taarifa zikivuja mwenye biashara ndiye wa kwanza kuulizwa. Kumpa binti simu ya biashara na kumkataza kuhamishia namba za wateja kwenye simu yake ni haki kabisa. Hata saa ziandikwe bila utata. Niliwahi kumwandikia msaidizi wangu aliyeko Morogoro "kikao saa 9", nikimaanisha alasiri. Yeye akasoma kama kalenda ya simu yake inavyosoma, akanisubiri peke yake tangu saa 3 asubuhi.

Utetezi wangu unaishia hapo. Sharti la 4 nilimwomba rafiki yangu tulipigie hesabu pamoja. Saa 2 asubuhi mpaka saa 4 usiku ni saa 14. Mara siku 6, saa 84. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Usiku kwa sheria hiyo unaanza saa 2, na kila saa ya usiku ina nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi.

Akanijibu walivyonijibu wengi kabla yake: "Huyu si mwajiriwa, anajitegemea. Ndiyo maana simkatii NSSF."

Mkanganyiko mkubwa wa kazi hizi za mbali upo hapa, na ningependa kila mwenye biashara Dar aukalie chini aufikirie. Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya 2004, kifungu cha 61, inataja viashiria vya mwajiriwa. Je, anaelekezwa namna ya kufanya kazi? Saa zake zinapangwa na mwingine? Amepewa vifaa? Anamfanyia kazi mtu mmoja tu? Amefanya kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Kimoja kikiwepo, sheria inamchukulia kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Yale masharti 23 yenye saini yake ni ushahidi tosha mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi. Kila amri unayoongeza inamsogeza binti kwenye ajira. Huwezi kumbana kama mwajiriwa halafu siku ya likizo au ya kuugua ukamwambia anajitegemea.

Halafu kuna gharama. Dakika 5 zinahitaji bando lisilokatika, simu yenye chaji, na pauabenki kwa siku umeme ukienda. Hata ukiwa na vyote kuna siku vitagoma: Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika na nchi nzima ikahangaika na intaneti. Karatasi ya rafiki yangu haikuwa na hata mstari mmoja kuhusu nani ananunua bando. Binti alikuwa akilinunua kwa mshahara wake.

Wapo watakaosema basi achana na masharti, angalia matokeo. Siwafuati. Katika kazi hii kujibu ndiko matokeo yenyewe. Mteja wa Mwanza aliyeuliza bei saa 3 asubuhi akajibiwa saa 10 jioni ameshanunua kwa mwingine. Tena uhuru usio na mipaka unamwumiza msaidizi mwenyewe: asipojua kazi inaisha saa ngapi, atajibu hata saa 6 usiku kwa woga.

Nilimuuliza rafiki yangu kama ameshaongea na binti. "Nimempigia, nikamsomea yote. Kasema sawa dada."

Hiyo "sawa dada" naijua. Tumelelewa hivyo, mdogo hamwambii mkubwa kwamba hili haliwezekani. Miaka yangu ya kwanza nilikuwa msaidizi wa bwana mmoja wa Uingereza, nikifanyia kazi chumbani kwangu Tabata. Siku moja umeme ulikatika tangu asubuhi na ripoti yake ilitakiwa jioni. Nilizunguka na kompyuta kutafuta mgahawa wenye jenereta, na muda wote huo sikumwandikia hata neno, maana kusema nimekwama niliona ni kumkosea adabu. Yeye akaona nimemtoroka. Kesho yake kazi ikaisha. Hakuwahi kuniambia kwamba kwake yeye taarifa ya kuchelewa si utovu wa adabu, nami sikuuliza. Katika yale masharti 23 hilo ndilo nililolitafuta na kulikosa: ruhusa ya kusema siwezi, au sijaelewa, bila kuonekana mkaidi.

Tulikaa na kalamu dukani. La 11 na la 19 yakafutwa. La 4 likawa saa 3 asubuhi mpaka saa 11 jioni, ujumbe ujibiwe ndani ya nusu saa, na pembeni rafiki yangu akaandika kwa mkono: bando la dukani. Kisha akamtumia binti ujumbe wa sauti: "Mdogo wangu, wewe ungependa tubadilishe nini? Usiniambie sawa."

Jibu lilikuja kesho yake, la sauti, kwa upole sana. Alianza kwa shikamoo, akaomba radhi mara mbili. Kwao maji ya bomba hutoka mchana, saa 7 mpaka saa 8, na yeye ndiye wa kujaza madumu ya nyumba nzima. Kama itawezekana, asihesabiwe kosa muda huo.

Rafiki yangu akaifungua tena karatasi, akaongeza kwenye la 4: isipokuwa saa 7 hadi saa 8 mchana.